Kabula, Chatu wa Marehemu Baba

Jumatatu, 1 Aprili

Leo wamegawa mali ya baba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, wazee wa ukoo wakabanana barazani, na mimi nikawa napita katikati ya magoti yao na birika la chai. Ng'ombe wamekwenda kwa kaka zangu, Leodgar na Denis. Majaruba ya mpunga amepata Leodgar, shamba la mahindi amepata Denis. Baiskeli ya baba ameichukua mjomba ambaye hata jembe la kuchimbia kaburi hakulishika. Nyumba hii naruhusiwa kuishi "mpaka hapo tutakapoamua." Hayo ni maneno ya Leodgar, aliyasema huku anafuta mafuta ya maandazi midomoni.

Mimi ni binti niliyerudi kutoka kwa mume. Kwenye ng'ombe sina fungu, hilo nalijua tangu zamani na sikufungua kinywa. Lakini baba nimemuuguza miaka miwili, nimemgeuza kitandani, nimemfulia. Leodgar yuko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, safari ya basi ya saa chache tu kutoka hapa Kagongwa, na katika miaka miwili hiyo alikuja mara mbili. Mara ya tatu alikuja kuzika.

Kikao kilipokuwa kinaisha mzee mmoja akauliza, na yule nyoka je? Baba yetu, Mwigulu, alikuwa mtu wa Bayeye, yaani wacheza nyoka, na jina lake lilijulikana kuanzia Kahama hadi Geita kwa ajili ya chatu mmoja aliyemwokota mdogo siku ya mvua kubwa, akamwita Kabula. Barazani watu wakaanza kutazamana. Denis akasema mke wake hataki hata kusikia.

"Mpeni Mbuke," akasema Leodgar. "Si ndiye aliyezoea kuuguza?"

Wakacheka wote, hata wale niliowapikia ugali siku zote za msiba. Nikakusanya vikombe. Ndivyo nilivyorithi chatu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Sijaingia kwenye kibanda chake. Akifa na afe.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeingia kwa sababu ya harufu. Baba alikuwa anamweka kwenye pipa la bati lenye mfuniko uliotobolewa matundu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Alipougua, aliyekuwa anakuja kumlisha ni Mzee Kalisti, mpiga ngoma wake, naye tangu msiba hajakanyaga hapa. Mimi nilikuwa naishia mlangoni. Tangu utoto namwogopa nyoka yule kuliko nilivyomwogopa baba, na baba nilimwogopa sana.

Nilifunua mfuniko kwa mti wa ufagio. Alikuwa amejikunja chini kwenye maji machafu, hanitazami wala hajifichi. Nilidhani atakuwa mnene. Uti wa mgongo umemchomoza kama ng'ombe wa Oktoba. Nilisimama pale nikaona aibu, na sikujua namwonea nani.

Nimemwaga maji, nimesugua pipa kwa majivu, na kumtoa nimemtoa kwa reki. Hakufanya lolote.

Jumamosi, 6 Aprili

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Euphrasia, napepeta na kufagia. Panya pale ni wengi kuliko wateja. Nimetega mmoja, nikamtupia. Hakumgusa.

Jumanne, 9 Aprili

Panya wa pili, hakuliwa. Na leo macho ya Kabula yamekuwa meupe, kama yamemwagiwa maziwa. Ngozi nayo imefifia. Nilimweleza Mama Euphrasia tukiwa tunafunga magunia, akaacha sindano akajipiga ishara ya msalaba. Akasema marehemu amekasirika kwamba nyoka wake ameachiwa mwanamke, ndiyo maana anamfumba macho asinione. Wapagazi wote wakakubali. Wanaume wa mashineni hukubaliana haraka sana wanapokuwa wanasema mwanamke ana kosa.

Nimerudi nyumbani nikalia. Hata maiti inachagua watoto.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya misa nilimvizia Edson, bwana mifugo wa kata, nje ya kanisa. Ni kijana mstaarabu, ila akiongea anatazama simu. Akaniambia, "Mama Mariana, mimi nimesomea ng'ombe, mbuzi na kuku. Kuhusu nyoka ni mara ya kwanza kuulizwa." Hata hivyo alikuja, akasimama mbali, akapiga picha, akaanza kutafuta kwenye simu mpaka bando likamwishia.

Nyoka si kipofu, na baba hajakasirika. Anajivua gamba. Macho ya nyoka nayo yana gamba lake, na likiwa linaachana na lile jipya huwa meupe. Siku hizo haoni vizuri, hali, hataki kuguswa. Tumwekee beseni la maji ajilowanishe, tuache na jiwe lenye makwaruzo ajisugue. Basi.

Nimefurahi, halafu nimekasirika. Miaka yote baba alikuwa akituambia macho yakiwa meupe nyoka anaongea na mizimu, tusipite mbele ya kibanda. Tulikuwa tunazunguka hadi kwa jirani kwenda kuchota maji. Sijui alikuwa hajui, au alikuwa anajua na anapenda tuzunguke.

Jumamosi, 20 Aprili

Amejivua. Gamba zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani, hata vifuniko vya macho vimo. Ngozi mpya inang'aa, ina rangi ya asali na madoa ya kahawia. Nimemgusa kwa mkono wangu. Si mtelezi kama nilivyokuwa nadhani. Ni mkavu, na ni wa baridi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imebomoa choo cha jirani. Panya wawili, wameliwa wote. Nilisimama nikitazama hadi mkia wa mwisho ukapotea.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama Euphrasia amemwaga sumu ya panya mashineni bila kuniambia. Nilikuwa nimeshaokota panya mmoja mzito mzito, anayumba, nikafurahi kwamba leo nimempata kirahisi. Nusura nimpe. Nimegombana na Mama Euphrasia kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, akaniuliza kama nimerogwa, namgombania nyoka. Kuanzia leo natega wazima tu, na nyumbani kwangu.

Jumamosi, 4 Mei

Edson amekuja tena na kipimajoto cha kupimia homa ya ng'ombe, akakining'iniza ukutani kibandani. Amesoma sana tangu siku ile, nadhani kazi ya ng'ombe imemchosha. Akanieleza jambo ambalo nalifikiria hadi sasa: nyoka hana joto lake mwenyewe. Sisi tunalitengeneza ndani, yeye analipata nje, kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo. Akipata joto anakula, chakula kinasagika, anakuwa na nguvu na akili zake. Akikosa, analegea, hata akila kinaozea tumboni.

"Kwa hiyo ukimwona mpole, usifurahi," akasema. "Huenda ana baridi tu."

Kibanda cha baba hakina dirisha, na pipa linakaa sakafuni. Nilikiangalia kwa macho mengine.

Jumapili, 12 Mei

Nimemhamishia Kabula kwenye chumba cha vifaranga, ambacho baba alikijenga upande wa jua na hakijawahi kufugiwa kifaranga. Nimeweka wavu, nimeweka matofali kwenye jua la asubuhi na beseni la maji upande wa kivuli, achague mwenyewe. Jioni nachemsha maji, najaza dumu, nalifunga gunia, namwekea. Mwanangu Mariana amepiga simu kutoka Mwanza, anakosomea uuguzi, akacheka akasema, "Mama, mimi hukuwahi kunichemshia dumu." Ni kweli. Yeye alikuwa na bibi.

Kabula alilizunguka dumu, akalibana, akatulia. Nimekaa naye hadi giza likaingia nikiwa natengeneza mtego.

Jumapili, 19 Mei, Pentekoste

Mzee Kalisti amekuja. Aliomba radhi kwa kutokuja muda wote huo, akasema miguu. Pombe imo pia, lakini sikusema. Nilimpa shikamoo, nikampa kiti, nikampeleka kumwona Kabula.

Alishika wavu kwa mikono miwili. Kabula alikuwa anatembea. Siku hizi anatembea, anapanda tofali, anainua kichwa, anatoa ulimi kunusa mgeni. Mzee akarudi nyuma hatua mbili. Akasema miaka kumi na tisa amempigia ngoma nyoka huyu na hajawahi kumwona akiinua kichwa hivyo. Nilimwambia nimempa joto na chakula tu. Nikamuuliza, kwani baba alikuwa anampa dawa gani, mbona alikuwa mpole vile akimvaa shingoni?

Watu wote tuliijua dawa ya baba. Kabla ya ngoma alimtumbukiza Kabula kwenye mtungi wa maji ya mizizi, hakuna anayeruhusiwa kusogea, halafu anatoka naye uwanjani, nyoka ananing'inia kama mkanda, anapitishwa mdomoni, anabusiwa, watu wanazirai. Kwa ajili ya dawa hiyo wachimbaji walikuwa wanatoka Geita kuja kumwona, wakiamini anayemtawala chatu hawezi kufukiwa na shimo.

Kalisti akasema Mwigulu alimwapisha asimwambie mtu yeyote isipokuwa atakayebaki na nyoka. Siku zile za mwisho Mwigulu alikuwa anamsubiri Leodgar aje, amweleze kwa mdomo wake. Leodgar hakuja.

"Hakuna dawa, mwanangu," akasema. "Mizizi ni ya harufu. Mwezi mzima asile. Usiku wa kuamkia ngoma analala kwenye maji ya kisima, na unajua kisima chetu mwezi wa sita. Asubuhi anatoka hapo hajui hata kama yeye ni nyoka. Kinachocheza ni baridi."

Nilimuuliza kama baba alijua kwamba anamtesa. Akasema Mwigulu alikuwa anampenda sana Kabula, mara nyingine alikuwa anamwimbia akiwa ndani ya mtungi.

Basi nimeandika yote haya. Nilikulia kwenye nyumba hii nikiamini baba yangu ni mtu wa miujiza. Tulinyamaza akinyamaza, tulikula akishakula, kwa sababu ya mtungi wa maji baridi. Na mama yangu aliwahi kusema kitu kimoja ambacho sikukielewa, kwamba mume wake hajui kukaa na kitu mpaka akipunguze nguvu. Leo nimemwelewa, miaka kumi na moja tangu afe.

Jumatatu, 20 Mei

Sijaenda kaburini kama nilivyopanga.

Jumapili, 2 Juni

Kabula ameniuma. Kosa ni langu. Nilikuwa nimemshika panya, nikasahau kunawa, nikaingiza mkono kubadilisha maji. Aliruka kabla sijamwona, akanishika juu ya kiganja, akajizungusha. Hana sumu, lakini meno yake yameelekea nyuma, ukivuta unajichana. Nilikaa chini nikatulia. Nilikuwa na ndoo ya maji ya kisima pembeni, nikaimimina taratibu kichwani kwake, akalegea, akaniachia.

Nimeosha kwa chumvi. Edson amesema nisiingize tena mkono bila kumgusa kwanza kwa fimbo laini, ajue si chakula. Sijamkasirikia hata kidogo. Ni mara ya kwanza namwona ana hasira, na zimempendeza.

Jumamosi, 8 Juni

Kuku mzima, jogoo mdogo. Kipupwe kimeanza, asubuhi mikono inauma. Mpunga umejaa mashineni, narudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope.

Jumamosi, 15 Juni

Leodgar amepiga simu, na alianza na salamu ndefu. Mtu huyu hajawahi kuniuliza nimelala salama tangu nizaliwe. Wachimbaji wenzake wanachagua mwenyekiti wa kikundi mwezi ujao, na siku ya Sabasaba kutakuwa na ngoma kwenye uwanja nje ya mji wa Geita. Amewaambia kwamba mtoto wa Mwigulu atacheza na chatu wa Mwigulu. Anamtaka Kabula.

Nikamwambia Kabula mlinipa mimi. Akacheka kile kicheko cha barazani, akasema, "Mbuke, tulikupa umtunze. Nani anamrithisha mwanamke ngoma?"

Jumamosi, 22 Juni

Wazee wamekaa tena. Safari hii hawakunywa hata chai yangu. Uamuzi: nyoka ni wa ngoma, ngoma ni ya ukoo, ukoo ni Leodgar. Denis alitazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho. Wamenisifu kwamba nimemnenepesha vizuri.

Alhamisi, 27 Juni

Nilifikiria kumpeleka kichakani nimwachie. Nilimweleza Edson. Akasema nyoka aliyefugwa miaka kumi na tisa hajui kuwinda, hamwogopi mtu, atafuata kuku wa kwanza na atauawa na jembe siku hiyohiyo. Nimeacha.

Jumanne, 2 Julai

Nimempa kuku mkubwa leo, jike aliyeacha kutaga. Leodgar anakuja Ijumaa na nilijua anakuja. Edson ameshaniambia kwamba nyoka akishakula asishikwe wala kubebwa wiki nzima. Najiambia kwamba nimempa kwa sababu siku yake ilikuwa imefika. Kwa kweli zilikuwa zimebaki siku nne ifike.

Ijumaa, 5 Julai

Amekuja na gari la kukodi na vijana wawili wa machimboni. Nikampa shikamoo, akaitikia akiwa anaangalia kwenye chumba cha vifaranga. Kabula alikuwa kwenye matofali, tumbo limevimba katikati, anaota jua. Nilimwambia kaka, amekula Jumanne, msimbebe, atatapika na atakuwa mkali. Nilimwambia mara mbili, mbele ya wale vijana. Akasema mimi nimeanza kuwa na wivu wa kike.

Waliponisaidia kumtia guniani (kwa kweli mimi ndiye niliyemtia, wao walisimama kwenye mlango), Leodgar akanivuta pembeni ya nyumba. Akashusha sauti. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Dada, niambie ukweli. Baba alikuwa anatumia dawa gani?"

Nilikuwa nayo mdomoni. Maneno matatu tu, maji ya kisima. Nilitazama shati lake, nikatazama mkono wake wenye saa, nikakumbuka usiku baba alipokuwa anamwita yeye, si mimi, na mimi namjibu, "Nipo baba."

"Mimi mlinipa nyoka," nikamwambia. "Dawa hamkunigawia."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejua nitasema hivyo. Wakaondoka.

Chumba ni kitupu. Dumu liko palepale na gunia lake, nimelimwaga maji.

Jumatatu, 8 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo, na naandika yote.

Nilipanda basi la alfajiri. Uwanja ulikuwa umejaa kabla ya saa tano: wachimbaji na mabuti yao yenye tope jekundu, wanunuzi wa dhahabu kwenye viti vya plastiki, bodaboda wamesimama juu ya pikipiki zao ili waone. Jua kali. Nilimkuta mmoja wa wale vijana wawili, akanieleza kwa kujisifu kwamba Kabula wamemlaza siku mbili kwenye stoo ya bati, karibu na jenereta, "asipate baridi, mama." Walimfikiria. Hapo nilijua Kabula atatoka guniani na nguvu zote alizonazo.

Mzee Kalisti alikuwa anapasha ngoma yake motoni. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema.

Nimeandika hapo juu kwamba naandika yote. Basi hilo ndilo. Si kwamba nilisahau, wala si kwamba sikupata nafasi. Niliulizwa na mzee ambaye angeweza kusimamisha ngoma, nikamdanganya nikiwa namtazama machoni, kwa sababu nilitaka Leodgar aaibike mbele ya wachimbaji wake. Nilitaka Kabula amtapikie kuku kwenye shati. Niliona kama sinema, watu wanacheka, na mimi nimesimama pembeni nimekunja mikono. Zaidi ya hapo sikufikiria. Watu wanasema chuki inapofusha, lakini mimi nilikuwa naona vizuri, ila niliona mahali pamoja tu.

Leodgar alitoka amejipaka chokaa, amevaa kibwebwe cha baba. Akamtumbukiza Kabula kwenye mtungi wa mizizi, dakika mbili tatu, maji yaliyokaa juani. Akamvaa shingoni. Watu wakapiga kelele. Akazunguka uwanja mara moja na kwa kitambo kile alikuwa baba kabisa, mabega yale, shingo ile, hata mimi nilisahau. Halafu Kabula akafunua mdomo akaanza kumtapika kuku. Alitoka nusu, manyoya yamelowa, harufu ikafika hadi kwangu. Watu wakacheka. Ndicho nilichokuwa nimekijia, na kilidumu muda wa kuvuta pumzi moja. Leodgar aliona haya, akamshika kichwa kwa nguvu akimlazimisha akiinue juu, na Kabula akageuka akamuuma mkononi, juu ya kiwiko, akajizungusha kwenye mkono na shingo.

Kicheko kilikatika. Leodgar alipiga magoti. Watu walikimbia, viti vikaanguka. Mama mmoja muuza maji alikuwa hatua nne kutoka kwangu na beseni la barafu iliyoyeyuka, chupa zinaelea. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeshalifanya mwenyewe tarehe mbili mwezi uliopita. Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani. Nilikuwa namtazama kaka yangu usoni, na alikuwa ananitazama.

Nilipolinyanyua lile beseni, wale vijana walikuwa wamefika na mipini ya sururu. Nilipiga kelele nikasema msimpige, nina maji, nikamwagia, na nadhani alianza kulegea, niliona mkunjo wa kwanza unafunguka. Lakini walikuwa wameshaanza, na watu wakipiga nyoka hawajui kuacha. Walimpiga hata alipokuwa amelala chini peke yake, mbali na Leodgar. Walimpiga hadi madoa yake hayaonekani.

Leodgar ameshonwa nyuzi kumi na mbili. Yuko salama. Mzee Kalisti alilitazama lile beseni mikononi mwangu, akanitazama mimi, akafunga ngoma yake kwenye baiskeli. Sikujibiwa salamu.

Jumatano, 10 Julai

Mashineni. Wote wanataka niwasimulie. Nimesema kichwa kinauma.

Jumapili, 14 Julai

Sikupokea komunyo. Mama Euphrasia aliona, hakuuliza.

Edson alikuja kuchukua kipimajoto chake. Alikaa nami kidogo, akasema nisijilaumu, nilimtunza vizuri kuliko mtu yeyote. Akasema angebaki dhaifu kama zamani angekuwa hai. Alikuwa anajaribu kunifariji, kijana wa watu. Nilimshukuru.

Jumamosi, 20 Julai

Leodgar amechaguliwa mwenyekiti. Wachimbaji wanasema mtu aliyekabwa na chatu wa Mwigulu akatoka hai, huyo ndiye. Mkono ule ulioshonwa ndio uliompigia kampeni.

Amekuja leo mwenyewe kuniambia, na amekuja mpole. Alikaa kwenye kigoda, si kwenye kiti, akasema kati ya ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyemwonya asimbebe, na ni mimi peke yangu niliyekimbilia maji. Alisema hatasahau. Machozi yalimlenga. Mimi nilikuwa nachambua mchele na niliendelea kuchambua punje zilezile.

Halafu akaenda kwenye gari akarudi na gunia. Vijana wamemkamata chatu mdogo kwenye shimo lililojaa maji, urefu wa mkono na nusu. Akaliweka miguuni pangu. Mwakani Sabasaba ipo tena, akasema, na hakuna anayejua kutunza kama mimi. Gunia lilikuwa linatembea lenyewe sakafuni.

Nilisema, "Kaka, siwezi. Na kuna jambo sikukuambia."

Nikamwambia. Kwamba dawa haikuwepo, ni njaa ya mwezi na usiku mmoja kwenye maji ya kisima. Kwamba Kalisti alinieleza siku ya Pentekoste. Kwamba siku ile pembeni ya nyumba aliponiuliza, nilikuwa najua. Nilisema kila kitu nikiwa nimeangalia ungo, nikawa nasubiri anipige, au asimame atukane, au hata alie. Nilikuwa tayari kwa lolote, na kwa kweli nilikuwa nalihitaji.

Alikuwa anahesabu kitu kichwani. Nilipoinua macho nikaona anatabasamu.

"Yaani maji tu?" akasema. "Kumbe ni rahisi hivyo."

Akasema kama ni hivyo hahitaji kunisumbua, mtungi wa kufanyia kazi hiyo anao Geita, na kwenye machimbo maji baridi hayakosekani. Akanishukuru tena. Akalinyanyua gunia kwa mkono wake mzima, akalitikisa kidogo ili kilichomo kitulie, akaondoka nalo.

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza.